Kibao Namba Kumi na Moja

Jumatatu, 2 Machi

Daftari hili nalianza leo kwa sababu moja tu: siku vitu vitakapopotea, pawe na mtu mmoja mwenye tarehe.

Jana mkutano wa wapangaji ulipitisha stoo ya pamoja. Chumba cha mifagio kilicho chini ya ngazi sasa kitakuwa na vitu vya wote: drili, pasi, ngazi ya kupandia, masufuria makubwa, kitanda cha mgeni. Mwenyekiti wetu, dereva mstaafu wa malori, alisema jengo lina milango ishirini na nne na drili kumi na saba, na kila drili inafanya kazi dakika kumi kwa mwaka. Kinachoharibika kitatengenezwa, kisichotengenezeka kitatoa spea, na hakuna kitakachotupwa. Maji ya mvua ya paani yataingia kwenye matangi ya vyoo. Maganda ya viazi yatakuwa mbolea ya mboga huko huko juu. Watu walipiga makofi. Mimi nilikaa nimekunja mikono.

Wakaja kwenye kuchagua msimamizi. Nimetunza stoo ya hospitali miaka thelathini na moja, kwa hiyo nilikaa wima kidogo, nikasafisha koo. Wakamchagua Mama Vifungo, fundi cherehani wa mlango namba moja, kwa sababu yuko nyumbani kutwa na ana moyo. Nikasema kwa sauti kwamba stoo haitunzwi kwa moyo, inatunzwa kwa stakabadhi. Wakacheka, na tangu jana naitwa Mzee Stakabadhi.

Alhamisi, 5 Machi

Leo nimeuona utaratibu wao. Kila kitu kina msumari wake ukutani. Kila mlango una vibao vinne vidogo vya mbao vyenye namba yake, vimetundikwa kwenye ubao karibu na kizingiti. Ukichukua kitu, unatundika kibao chako kwenye msumari wake. Hakuna kalamu, hakuna sahihi, na mchana kutwa chumba hakifungwi.

Mama Vifungo alinionyesha vibao vya mlango wetu, namba kumi na moja, vimepakwa rangi vizuri.

"Hivi ni vya kwako, mzee wangu. Ukihitaji chochote, wala usiniulize."

"Sitahitaji."

"Haya. Vitakungoja."

Nilimwambia mke wangu kwamba katika nyumba hii hakuna kuazima wala kuazimwa. Akasema sawa. Alisema haraka mno.

Kitu pekee cha maana mle ndani ni pampu ya kuvuta maji. Barabara iko juu kuliko ua wetu, na kila masika maji huingia chini. Mlango namba moja ndio wa kwanza kuyapokea, na humo Mama Vifungo anaishi na mama yake mzazi, Bibi, ambaye hajainuka kitandani miaka miwili. Pampu hiyo Fundi Baridi, mtengeneza mafriji wa ghorofa ya pili, aliiunda kwa mota ya mashine ya kufulia iliyokufa. Inaunguruma vibaya lakini inavuta. Hakuna nyingine. Na imening'inia kwenye msumari kama kofia.

Jumapili, 8 Machi

Ngazi imetoka, kibao namba ishirini. Imerudi. Mvua bado.

Alhamisi, 12 Machi

Nimekutana na nesi wa ghorofa ya nne anatoka sokoni. Begani ana mfuko wa kijivu. Nikautazama, nikautazama tena. Ni suruali yangu. Ni ile niliyoitoa baada ya goti kuchanika, mfuko wa nyuma bado uko pale na alama ya wino wa kalamu yangu ya kazini. Mama Vifungo ameikata, ameifunga chini, ameitia mpini. Suruali niliyostaafia imepita mbele yangu imejaa vitunguu.

"Shikamoo, mzee," nesi akasema.

Niliitikia nikiitazama suruali.

Jumanne, 17 Machi

Jambo. Kwenye msumari wa sufuria kubwa leo kuna kibao kisicho na namba. Mbao tupu, haina hata rangi. Nimeuliza kwa ujanja, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, na mwenyekiti akasema hajui, muulize Mama Vifungo. Sikumuuliza. Mtu humuulizi mlangoni kama kuna mlango wa nyuma.

Sufuria imerudi saa kumi alasiri. Imeoshwa vizuri kupita kawaida.

Jumamosi, 21 Machi

Mvua ya kwanza. Ndogo.

Jumatano, 25 Machi

Saa tano asubuhi Fundi Baridi alitoka stoo na gunia. Ndani kulikuwa na vyuma, niliusikia mlio wake. Mama Vifungo alimshikia mlango. Fundi alipoulizwa na mwenyekiti alisema ni feni mbili zilizokufa, anakwenda kutoa mota. Inawezekana. Hata hospitalini kila kilichotoka kilikuwa na maelezo mazuri. Kibao kitupu nacho kimeonekana tena, safari hii kwenye msumari wa pasi.

Nimefikiri sana leo. Nilikuwa na mwenzangu stoo ya hospitali, tulikula sahani moja miaka tisa. Alikuwa akisema, "Nipe funguo mara moja, nachukua shuka mbili za wodini." Nilimpa. Baada ya miezi mitatu shuka themanini hazikuonekana, na jina lililokuwa kwenye funguo lilikuwa langu. Nilikaa nyumbani mwaka mzima nikichunguzwa. Niliposafishwa hakuna aliyekuja kusema pole. Watu wa jengo hili hawalijui hilo, na mimi sitawaambia. Wao waendelee tu kuzicheka stakabadhi zangu.

Jumatatu, 30 Machi

Nimeichukua pampu.

Niandike vizuri ili ikisomwa ieleweke. Sikuiba. Nataka kuonyesha kwamba kitu muhimu kuliko vyote mle ndani kinaweza kuondoka mchana kweupe na msimamizi asijue. Saa nne asubuhi, wengi wako makazini na cherehani ya Mama Vifungo inalia, niliingia, nikaifunga pampu kwa shuka, pembe nne, kama tulivyofunga mashine za hospitali, nikapanda nayo ghorofa ya tatu. Sasa imo ndani ya sanduku langu la chuma, na ufunguo uko shingoni. Mke wangu alikuwa paani kwenye mboga zao.

Nitahesabu siku. Mkutano ni Jumapili tarehe 12 Aprili. Hapo nitasimama, nitawaambia pampu iko wapi na imekuwa huko tangu lini, na tuone moyo utajibu nini.

Alhamisi, 2 Aprili

Siku ya tatu. Hakuna aliyesema neno. Stoo sikanyagi, nisije kushukiwa.

Leo kumetokea jambo la ajabu. Mama Vifungo alikuwa mlangoni kwake anatoa nyuzi kwenye sketi ya shule. Aliponiona aliweka sketi chini, akatabasamu mpaka meno ya nyuma.

"Asante, mzee wangu."

"Asante ya nini?"

"Wewe unajua."

Nikapita. Sijui anachotaka. Mtu hakushukuru bure. Ama amegundua kitu kingine na anataka nimfichie, ama ananilainisha kabla ya mkutano.

Jumamosi, 4 Aprili

Jua kali. Siku ya tano. Kimya.

Jumanne, 7 Aprili

Mvua kutwa. Maji yamefika ngazi ya kwanza ya ua, yakarudi. Niliyatazama kutoka dirishani mpaka yaliporudi. Mke wangu aliuliza tangu lini napenda kutazama mvua.

Siku ya nane.

Jumamosi, 11 Aprili

Tuko kwa binti yetu, upande wa pili wa mji. Mtoto wake ana homa, tulikuja tangu asubuhi kumsaidia. Mke wangu amesahau simu yake nyumbani kwenye chaji. Mvua ilianza saa saba na haijapumua. Saa kumi tulitaka kurudi, tukaambiwa daraja limefungwa, maji yamelipita juu. Tutalala hapa.

Namba nisiyoijua imenipigia tangu saa tisa. Mara ya kwanza, mara ya pili, sasa ya sita. Matapeli siku ya mvua ndiyo yao, wanajua watu wako nyumbani. Sikupokea. Binti yangu akasema, "Baba, si upokee tu usikie?" Nikamwambia ndivyo wanavyoanza.

Nimeikumbuka pampu. Kesho nitairudisha kwenye msumari kabla ya mkutano, yaliyopita yapite. Siku kumi na mbili zinatosha kuwa ushahidi.

Jumapili, 12 Aprili

Naandika kwa sababu nilisema nitaandika kila kitu.

Daraja lilifunguliwa saa mbili asubuhi. Tulipofika, ua ulikuwa ziwa la rangi ya chai. Ndoo zilikuwa zikipita mkono kwa mkono kutoka mlango namba moja hadi barabarani, na mwenyekiti, mzee mwenzangu, alikuwa ndani ya maji mpaka magotini, suruali ameikunja. Kwenye reli za ngazi zote zilitundikwa sare za shule alizokuwa akizishona Mama Vifungo kwa ajili ya muhula mpya, zinachuruzika tope.

Mwenyekiti aliponiona alisema tu, "Afadhali umekuja. Fungua haraka, utupe pampu."

Sikuelewa. Nilisimama pale kama mlingoti. Wamejuaje?

Nilipanda, nikafungua geti la chuma la mlango wetu, kufuli ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ukingo wa geti rangi ilikuwa imechubuka mahali pamoja. Mke wangu alinifuata chumbani. Alisimama akaniangalia nikivua ufunguo shingoni, nikafungua sanduku, nikatoa kile kitu ndani ya shuka.

Pampu ilifanya kazi saa moja na nusu, na ua ukawa mkavu. Saa moja na nusu tu.

Baadaye Fundi Baridi alinisimulia. Maji yaliingia jana saa tisa. Walimtoa Bibi kwa mlango mmoja wa zamani waliokuwa wameugeuza meza, wakamlaza juu yake, watu sita, wakampandisha kwa nesi. Lakini kabla hawajafika alikuwa amelowa mpaka kifuani. Asubuhi hii kabla hatujarudi amepelekwa hospitali, anakohoa.

"Tulipanda kwako," Fundi Baridi akasema. "Nilikuja na nyundo, nikalipiga geti mara moja. Mama Vifungo akanishika mkono. Akasema, 'Acha. Yule mzee hajatuamini hata siku moja. Leo amechukua kitu chetu kwa mara ya kwanza, tena kukitengeneza. Arudi akute tumemvunjia mlango?' Akasema anakupigia simu. Amekupigia mpaka simu yake ikazima."

"Kukitengeneza?"

"Si ulichukua kuifanyia sevisi kabla ya masika? Kibao chako kipo."

Nilikwenda stoo. Maji yalikuwa yameacha mstari ukutani usawa wa kiuno. Juu ya mstari, kwenye msumari wa pampu, kulikuwa na kibao namba kumi na moja. Mimi sikukitundika.

Fundi Baridi alikuwa nyuma yangu. Alisema Mama Vifungo aliniona siku ile kupitia dirishani, nikipandisha pampu ndani ya shuka. Alimwambia kila mtu. "Alifurahi sana. Alisema mtu anayefunga pampu kama mtoto mchanga ataitunza."

Akanipa mkono, akasema pole kwa kukwama njiani. Wote wananipa pole.

Jumatatu, 13 Aprili

Mkutano umeahirishwa. Mke wangu amevunja kimya wakati wa chai.

"Sevisi gani? Wewe hata bisibisi huna."

Nikakoroga chai.

"Na kile kibao kisicho na namba unachokiandika kwenye daftari lako, nimekisoma. Ni changu. Ulinikataza, na sufuria letu lina tundu. Nikamwomba Mama Vifungo anifichie, asikuaibishe. Akanichongea kibao."

Aliondoa vikombe.

"Utasema wewe, au niseme mimi?"

Jumatano, 15 Aprili

Bibi ana homa ya mapafu. Nilikwenda hospitali, nikaishia kwenye kaunta. Namjua kila mtu pale. Waliniuliza nimekuja kumwona nani, nikasema nilikuwa napita.

Ijumaa, 17 Aprili

Naweza kunyamaza. Naandika hili ili nilione. Mke wangu hatasema, ametishia tu, namjua. Pampu imerudi, mimi ni mzee aliyekwama njiani, na kila mtu amesharidhika. Wao wenyewe wamenipa maelezo mazuri, tena hata sikuyaomba. Yule mwenzangu wa shuka angelala usingizi.

Mimi silali.

Jumapili, 19 Aprili

Nilikwenda mkutanoni na daftari. Mwenyekiti alianza kwa kusema tuwashukuru wote waliobeba ndoo. Nikasimama, nikaomba nisome.

Nilisoma tangu tarehe 2 Machi. Kwenye suruali walicheka, na nesi aliuficha mfuko nyuma ya kiti. Kwenye gunia la Fundi Baridi hawakucheka. Nilipofika tarehe 30 hakuna aliyesogeza kiti. Nilisoma simu sita, na matapeli. Sikuruka neno, isipokuwa habari ya kibao kitupu, kwa sababu hiyo si yangu.

Nilipokaa, Mama Vifungo ndiye aliyeongea. Hakupandisha sauti.

"Kwa hiyo hukuwa unaitengeneza."

"Hapana."

"Ulikuwa unanichunguza."

"Ndiyo."

"Na mimi nilizunguka milango yote hii nikikusifu."

Akainuka, akaenda kumwona mama yake hospitali. Fundi Baridi akasema vibao vya mlango namba kumi na moja viondolewe kwenye ubao. Mikono iliinuliwa. Mke wangu naye aliinua wake.

Jumapili, 26 Aprili

Mvua. Pampu imefanya kazi mara mbili. Nimesikia muungurumo wake nikiwa juu. Hakuna aliyeniita.

Jumamosi, 2 Mei

Bibi amerudi. Amepungua, mkono umebaki mifupa na bangili. Nilisaidia kumpandisha kwa nesi, ambako atakaa mpaka masika yaishe. Nilishika upande wa miguu. Mama Vifungo alishika upande wa kichwa, na ngazi nzima hakunitazama.

Amekuwa akifua sare zile upya, anafumua, anashona. Mke wangu anamsaidia vifungo. Jana nilichukua tatu nikajaribu. Mke wangu aliziangalia, akazifumua.

Jumatano, 6 Mei

Nimetoa kufuli mbili kwenye geti. Nilikaa nazo mkononi muda mrefu. Nilizinunua wiki niliyosimamishwa kazi, na tangu siku hiyo sijawahi kulala geti likiwa na kufuli moja.

Jumamosi, 9 Mei

Saa tatu asubuhi nilishuka stoo. Kwenye msumari wa pampu, chini ya pampu yenyewe, nilitundika ufunguo wa akiba wa geti letu. Mlango wa ndani tutaurudishia tu. Nilikuwa nimekwishageuka kuondoka, nikarudi kuutazama. Nikaondoka, nikarudi tena. Mara ya tatu nilimkuta Mama Vifungo amesimama pale.

"Hiki nini?"

"Ufunguo."

"Wa wapi?"

"Wa kwangu. Kufuli zingine nimezitoa. Siku nyingine mkitaka kitu na mimi sipo, msigonge kwa nyundo."

Aliugeuza kwenye kidole, upande huu na upande ule. Nilisubiri aseme amenisamehe. Hakusema. Aliingia kwake, akatoka na kibao kimoja, namba kumi na moja, rangi imevimba kwa maji. Akakitundika juu ya ufunguo.

"Kimoja tu," akasema. "Vingine tutaona." Kisha akanyoosha kiganja. "Lete simu."

Nikampa. Aliandika namba yake mwenyewe, akaandika na jina, akanirudishia. Zile simu sita bado zilikuwepo, nyekundu. Sasa zina jina lake.

Jumapili, 10 Mei

Tumekwenda kumwona mjukuu. Wingu zito. Mke wangu aliniuliza njiani kama naogopa, nyumba yetu iko kwenye msumari na ishirini na tatu wengine wanaijua. Nikamwambia naogopa sana.

Hatujafika darajani simu ikalia. Mama Vifungo. Niliipokea kabla haijalia mara ya pili.

"Haloo? Maji yameingia? Ufunguo upo, ingieni tu."

"Hapana, mzee wangu. Kukavu kabisa."

"Kuna nini basi?"

"Hakuna kitu. Nilikuwa naangalia kama utapokea."

Akakata. Simlaumu. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini.